Mifumo Mitatu, Bomba Moja

Wewe unayesoma, hebu niambie kwanza: bomba la kwenu linafunguliwa na nini?

Usicheke. Najua utasema linafunguliwa kwa mkono. Hata la kwetu lilifunguliwa kwa mkono, zamani zile, kabla hatujaendelea. Sasa tumeendelea, na nitakusimulia tulivyoendelea, taratibu, maana shule niliishia darasa la saba na kazi yangu ni kufuma vitambaa kwa kroshia, na kitambaa hakifumwi kwa pupa.

Jina la nchi siwezi kukutajia. Siyo kwamba naogopa. Jina limehifadhiwa kwenye kompyuta ya Wizara, na kompyuta hiyo haijafunguka tangu mwezi wa tatu. Wakubwa wametuomba tuvumilie. Kwa sasa tunaiita "nchi husika", na hata wimbo wa taifa tunauimba vivyo hivyo. Tukifika penye jina, tunaguna.

*

Katika kata yetu alikuwepo Mzee Shekiondo, rafiki wa marehemu mume wangu. Kazi yake ilikuwa moja. Saa kumi na mbili asubuhi anapanda kilimani kwenye tangi, anaingiza spana kwenye nati ya bomba kuu, anazungusha mara tatu na nusu, maji yanashuka. Jioni anapanda tena, anafunga. Miaka ishirini na tisa. Siku aliyomzika mkewe alichelewa saa moja, akazunguka nyumba kwa nyumba kutuomba radhi.

Spana yenyewe naikumbuka vizuri, maana nati ile haikukubali nyingine. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Mpini aliuzungushia mpira wa baiskeli ili usimchubue kiganja, na mpira ulikuwa umeliwa upande mmoja, upande wa dole gumba.

Basi siku moja ikaja barua kutoka Wizara ya Mifumo. Alinipa niisome kwa sauti kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Ndugu. Baada ya tathmini ya kina imebainika kwamba wewe ni mfumo uliopitwa na wakati. Huna nywila, huna toleo jipya, na tangu uajiriwe hujawahi kusasishwa. Kwa barua hii unaondolewa kwenye matumizi. Tafadhali jizime kwa kufuata utaratibu."

Mzee akaniuliza, "Bi Somoe, kujizima ndiyo kufanyaje?"

"Nadhani ni kwenda nyumbani, shemeji."

"Na maji?"

Hilo kwenye barua halikuwemo. Niligeuza na upande wa pili, nikakuta muhuri tu.

Spana ilikuja kuchukuliwa kwa gari lenye king'ora. Ikawekwa ndani ya kisanduku cha kioo pale ukumbini, katika ofisi ya Wizara ya wilaya, na chini yake kibao: ZANA YA ENZI ZA GIZA. USIGUSE. Watoto wa shule wakapelekwa kuitazama. Walirudi na madumu yao matupu, wakasema imependeza.

*

Mkurugenzi wa Mifumo wa wilaya anaitwa Bwana Mbelwa. Ni kijana mwenye afya njema na tai tatu, moja ya kila mfumo. Alikuja katani, akapanda juu ya meza, akasema:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo maji yenu hayatafunguliwa tena kienyeji. Yatafunguliwa kimfumo!"

Tukapiga makofi. Hatukujua kimfumo ni wapi, lakini palisikika kama mahali pasafi.

Sasa kompyuta zilizoletwa zilikuwa tatu, kubwa, za kukaa mezani, na kila moja ilikuja na mfumo wake. Mfumo, kwa nilivyoelezwa, ni ile akili inayoifanya kompyuta ijue kwamba yenyewe ni kompyuta. Bila mfumo ni kabati.

Wa kwanza ni Ndovu. Huyu ndiye anayejulikana na wengi. Ana nguvu, ila akipenda anasimama katikati ya kazi na kukwambia subiri, najisasisha, na hapo huna la kumfanya, hata uwe waziri. Wa pili ni Tausi. Huyu ni mzuri wa sura, lakini hali chakula cha wenzake. Waya wake ni wake peke yake, na akiumwa anatibiwa na waganga wake tu, walioko mbali. Wa tatu ni Mchwa. Huyu ni wa bure. Ametengenezwa na watu wengi wasiojuana, kila mtu akileta udongo wake kidogo, kama kichuguu. Hapambi uso. Ukimwasha anakaa kimya anasubiri umwambie.

Bwana Mbelwa hakumpenda Mchwa tangu siku ya kwanza. "Kitu kilichotengenezwa na watu ambao hawakulazimishwa na mtu," alisema, "kina nia gani? Na kama ni cha bure, nani atakuja kutuzindulia?"

Ikaundwa Tume ya Kulinganisha Mifumo, watu kumi na saba. Mpaka Tume ichague mfumo mmoja, bomba lisifunguliwe, lisije likazoea mfumo usio wake.

*

Kikao cha kwanza cha Tume kilidumu siku tisa na kilitoa azimio moja: vumbi ni adui wa mfumo. Ndipo wakaniita mimi, niifumie mifumo vitambaa vya kuifunika.

Nilikwenda na futi yangu ya kitambaa, na daftari. Nikapima Ndovu, nikapima Tausi, nikapima Mchwa, juu, mbele, mbavuni. Mimi ninapopima huwa nafuata kila kitu kinachoning'inia, maana penye waya lazima uache tundu. Nikaona kila kompyuta ina waya mmoja wa umeme unaokwenda ukutani. Nikainama chini ya meza. Nikazunguka nyuma. Basi.

"Mwanangu," nikamwambia Bwana Mbelwa, "waya wa kwenda kwenye tangi uko wapi? Nataka kuuachia tundu."

Akanitazama. "Bibi, umeitwa kupima au kuhoji?"

"Kupima."

"Basi pima."

Nikapima. Hapo ndipo penye dhambi yangu, na nimeiandika mwenyewe nisije nikaandikiwa. Niliona, nikanyamaza. Nilijiambia, wewe darasa la saba, hawa wana digrii, huenda siku hizi amri inapita hewani kama redio.

Nilifuma miezi miwili. Ndovu nilimfumia cha kijivu chenye pindo la mawimbi. Tausi cha buluu na kijani, maua mia na nne, kila ua petali sita. Mchwa walisema nimalizie na uzi uliobaki, nikamfumia cha kahawia, na wallahi ndicho kilichonitoka vizuri. Vitambaa vikafunika kila kitu, skrini na kibodi pamoja, vikashuka hadi mezani. Pembe zote nne zikagandishwa mezani kwa lakiri nyekundu ya serikali. Mwenye kuvunja lakiri, miaka mitano ndani.

Wewe utaniuliza, sasa watafanyaje kazi? Kwa adabu. Ofisa alikuwa anapitisha mikono chini ya kitambaa na kuchapa asichokiona, macho yakiwa kwenye dari, kama mwanamke anayekanda unga huku anamsema jirani. Akimaliza anatoa mikono na kuandika kwenye faili: "Mfumo umejibu vizuri."

*

Ulinganishaji wenyewe ulikuwa wa kisayansi. Kwanza, kila mfumo ulipelekewa fomu ujaze sifa zake wenyewe. Hazikurudishwa. Tume ikasifu unyenyekevu wa mifumo yote mitatu.

Pili, usalama. Nywila ilikatwa vipande vitatu. Cha mwanzo akapewa Mkurugenzi, cha katikati akapewa Mhasibu, cha mwisho akapewa ofisa mmoja aliyekuwa semina. Akitoka semina moja anaingia nyingine. Mwezi wa sita ikasemekana amejifunza mengi mno hata kipande chake amekisahau, ikabidi aende semina ya kumbukumbu.

Tatu, masasisho. Siku Ndovu alipoanza kuvuma chini ya kitambaa, Bwana Mbelwa alitoa amri mtu asikohoe. Ofisi nzima ilisimama wima kutoka asubuhi hadi jioni. Mlinzi aliwekwa mlangoni na rungu. Alikuja mama mmoja kuuliza maji, akafukuzwa kwa ishara. Baadaye fundi umeme alifungua mlango wa chumba cha pili, akasema kilichokuwa kinavuma ni feni.

Haya yote nayasema kwa upole. Bibi yangu alinifunza kwamba hasira ni kama uzi mwembamba, ukivuta kwa nguvu mwanzoni unakatika kabla hujamaliza kazi. Kwa hiyo naivuta taratibu.

*

Sasa zahanati.

Nesi wetu anaitwa Yunisi, na bomba la wodi ya wazazi ni tawi la bomba lile lile. Lilipokauka, aliandika kwa chaki mlangoni: Mjamzito aje na madumu manne ya maji. Mto uko mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi ni zaidi, maana unarudi na mzigo kichwani.

Mwajabu, binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alifika na dumu moja. Mumewe alikuwa safarini. Nesi Yunisi alimzalisha kwa hilo dumu moja. Maji ya mwisho alimwoshea mtoto. Mikono yake mwenyewe aliipangusa kwa kanga. Siku ya tatu Mwajabu akashikwa na homa. Siku ya saba tukamzika. Na maji ya kumwosha maiti, sikiliza vizuri, tulikwenda kuyaomba kata ya pili, wanawake wanane kwa zamu, tukiwa tunalia njiani na huku tunaangalia yasimwagike.

Taarifa ya Tume ya robo ile naikumbuka kwa kichwa: "Changamoto ndogondogo zilijitokeza upande wa watumiaji."

Wakati huo mjukuu wangu Mishi alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza. Mishi nimemlea mimi tangu ana meno mawili, na anavyoogopa damu, hata kuku hawezi kumtazama akichinjwa. Aliniuliza, "Bibi, na mimi itakuwa kama Mwajabu?" Nikamwambia hapana. Halafu nikaona nimeahidi kitu kilichomo mikononi mwa watu kumi na saba.

Nikaenda ofisini. Nikapita mbele ya kisanduku cha kioo, spana imeng'arishwa mafuta, mpira wa baiskeli wameubandua eti unaharibu mandhari.

"Shikamoo, bibi," akasema Bwana Mbelwa.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya maji. Mjukuu wangu atajifungua mwezi ujao."

"Mimba ni ya lini?"

Nikamwambia.

Akafungua diari, akasikitika. "Bibi, mngetuarifu kabla hajaipata tungeiingiza kwenye mpango kazi. Mwambie avute subira, Tume inakaribia."

"Mtoto hasubiri Tume, baba."

"Hilo ndilo tatizo la wananchi. Hamjifunzi kwa mifumo. Mtazame Ndovu pale, huu mwezi wa kumi anasubiri, umemsikia akilalamika?"

Nilitaka kusema lile neno la waya. Wallahi lilifika mpaka kwenye ulimi. Kisha akaniuliza kama naweza kumfumia kitambaa cha simu yake, nikasema naweza, nikaondoka.

*

Siku ya uzinduzi wa mifumo ndiyo siku Mungu aliyoichagua. Alfajiri Mishi akashikwa na uchungu. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni, na ndani ya nyumba nilikuwa na madumu mawili tu. Wanawake wawili wakatoka mbio kwenda mtoni. Nesi Yunisi akanishika mkono: "Bibi, uchungu wa kwanza huwa ni mrefu. Ila kabla ya adhuhuri nahitaji maji. Mengi. Safari hii sipangusi mikono kwa kanga."

Mzee Shekiondo alikuwa amekaa nje kwenye tofali. Nikamwuliza, "Shemeji, ungekuwa na spana yako, ingekuchukua muda gani?"

"Kupanda robo saa. Siku hizi magoti, weka nusu. Kuzungusha, mara tatu na nusu." Akafikiri. "Nati itakuwa imeshika kutu. Weka nne."

Hapo hapo gari la Wizara likafika kunichukua. Nilikuwa mgeni rasmi wa upande wa vitambaa, nipewe cheti. Nikambusu Mishi kwenye paji la uso, nikapanda.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu ilikuwa na chupa za maji, nilizihesabu, ishirini na nne, na nyingine zimefunguliwa zikanywewa funda moja zikaachwa. Kompyuta tatu zilikuwa mbele na vitambaa vyangu na lakiri zao. Nyuma yake kisanduku cha kioo. Uani, dirishani, lilionekana bomba limefungwa utepe.

Waziri wa Mifumo na Maendeleo ya Mifumo akasimama. Alikuwa na sauti ya kutia usingizi na kuutoa kwa wakati mmoja.

"Ndugu wananchi wa nchi husika! Wako wanaouliza, mmefanya nini miezi kumi na moja? Tumelinganisha! Nchi isiyolinganisha ni nchi isiyolingana! Na leo natangaza matokeo. Tume imebaini kwamba mifumo yote mitatu imeshinda!"

Vifijo.

"Kwa hiyo tumeunda Serikali ya Umoja wa Mifumo. Bomba litafunguliwa endapo Ndovu, Tausi na Mchwa watakubaliana kwa pamoja, kwa maandishi!"

Akapitisha mkono wake wenye saa chini ya kitambaa cha buluu, akabonyeza. Akapitisha chini ya kijivu, akabonyeza. Chini ya kahawia akabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu cha maskini. Wote tukageuka dirishani. Bomba halikutoa hata pumzi.

Bwana Mbelwa akakimbilia kipaza sauti: "Ndugu wananchi, maji yametoka kimfumo! Kilichobaki ni kutoka kimwili!"

Wakapiga makofi. Nakuapia, wakasimama na kupiga makofi.

Ndipo nikaitwa kupokea cheti. Waziri akaninong'oneza, "Bibi, kazi nzuri sana. Unalo lolote?"

"Nina ombi dogo, mheshimiwa. Kuna uzi umejitokeza kwenye vitambaa vyangu. Naona aibu."

"Rekebisha, bibi, rekebisha."

Kitambaa cha kroshia, kama hujui, kina fundo moja la mwisho. Mfumaji peke yake ndiye anajua liko wapi. Nikatoa mkasi wangu, nikalikata la kijivu, nikashika uzi nikaanza kuvuta. Kikafumuka mstari kwa mstari, trr, trr, trr.

"Bibi! Lakiri!" akapiga kelele Bwana Mbelwa.

"Lakiri sijaigusa, baba. Itazame, zote nne zipo. Mimi navuta uzi wangu."

Hakuna sheria ya uzi. Niliona akiitafuta kichwani mwake na kuikosa. Ndovu akabaki uchi. Kwenye skrini yake palikuwa na maneno mawili: CHAGUA LUGHA. Miezi kumi na moja walikuwa hawajamchagulia hata lugha.

Nikalikata la Tausi. Maua mia na nne yakaniangukia miguuni. Tausi alikuwa bado amevishwa nailoni ya dukani, waya wake wa umeme umechomolewa, na tundu lake la ukutani limechomekwa birika la chai la Tume.

Nikaja kwa Mchwa. Nikatupia jicho saa ya ukutani, ni saa tano kasoro. Uzi wa kahawia ukaisha. Skrini yake ilikuwa nyeusi, bila picha, bila mapambo, na juu kwenye kona palikuwa na sentensi moja, na kijiti kidogo kinafumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua, mtu asijue kimefanya hivyo siku ngapi:

UNATAKA NINI?

Nikaisoma mara mbili. Ukumbi mzima ukaisoma. Katika nchi husika nzima, na Wizara zake, na Tume yake ya watu kumi na saba, aliyenipa swali hilo alikuwa mashine, tena ya bure, tena iliyofunikwa na mimi mwenyewe.

"Usiijibu, bibi!" akasema Bwana Mbelwa. "Huna nywila!"

Sikuijibu mashine. Nilimgeukia Waziri, nikaondoa ile sauti yangu ya shikamoo.

"Hakuna waya, mheshimiwa. Hakuna waya wowote unaotoka hapa kwenda kwenye tangi. Nilipima mwenyewe, nikaona, nikanyamaza, na Mwajabu yuko kaburini. Leo mjukuu wangu yuko kwenye uchungu na mto uko mwendo wa saa moja na nusu. Nimekaa na nyie miezi kumi na moja hamkuniuliza, sasa nimeulizwa nasema. Sitaki Ndovu. Sitaki Tausi, na huyu Mchwa masikini hana kosa lakini sikumwomba. Cheti chako hiki hapa, futia meza."

Nikanyoosha kidole kwenye kisanduku cha kioo.

"Nataka spana ya Mzee Shekiondo. Sasa hivi. Ukifungue kisanduku wewe, au nikivunje mimi."